Modeli ya foleni ya wagonjwa wa nje kwa SimPy (maktaba ya Python ya uigaji): maabara inafurika, madaktari wamekaa bure. Kosa liko wapi?

foleni_ndefu ameandika:

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba jicho la wanaofahamu uigaji wa matukio bainifu (saa ya modeli inaruka kutoka tukio hadi tukio), maana modeli yangu inatoa majibu ambayo hata mlinzi wa getini atayacheka.

Ni kituo cha afya, upande wa wagonjwa wa nje, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, yaani dakika 480. Mgonjwa anaanzia mapokezi (karani mmoja, wastani dakika 2), anaonana na daktari (wako 3, wastani dakika 8). Asilimia 60 wanatumwa maabara, kisha wanarudi kwa daktari na majibu (dakika 4). Wote wanamalizia dirisha la dawa (moja, dakika 3). Maabara ina mtaalamu mmoja: kutoa damu dakika 5, majibu yanatoka baada ya nusu saa hivi. Kwa siku wanaingia wagonjwa kama 120, ndiyo maana kati ya mgonjwa na mgonjwa nimeweka wastani wa dakika 4, `expovariate(1/4)`. Muda wa huduma zote nimeutolea kwenye mtawanyo wa eksponensha.

Kila hatua ni `Resource` (mhudumu mwenye idadi maalumu ya nafasi). Maabara nimeipa uwezo wa 1 na `timeout` yenye wastani wa dakika 35. Nasimamisha kwa `env.run(until=480)`.

Yanayotoka: foleni ya maabara inapita watu 50 ikifika jioni. Madaktari wanaonekana kufanya kazi asilimia 70 tu ya muda, wakati ukweli hawapati hata nafasi ya kunywa maji. Waliomaliza safari ni kama 60 kati ya 120. Na wastani wa muda ambao mgonjwa anakaa kituoni hautulii: naendesha napata dakika 60, naendesha tena napata 90.

Swali ambalo uongozi unataka lijibiwe ni moja: wakiongeza daktari wa nne, foleni itapungua? Kwa hali hii siwezi kusema chochote.

---

msukuma_saa ameandika:

Mkuu, kabla ya kugusa msimbo chukua karatasi. Kila kituo cha huduma kinahitaji hesabu moja tu: wanaofika kwa saa, zidisha kwa dakika za huduma, gawanya kwa dakika ambazo wahudumu wanazo kwa saa. Ikizidi 1, foleni haina mwisho, na hakuna mbegu ya bahati nasibu (namba inayoanzisha mfululizo wa namba za nasibu) itakayokuokoa.

Maabara yako: wanaofika kwa saa ni 15 × 0.6 = 9. Ukimshikilia mtaalamu dakika 35 kwa kila mmoja, unadai dakika 315 kutoka kwa mtu mwenye dakika 60. Anaweza kuhudumia 1.7 kwa saa, kama 14 kwa siku, na wewe unamletea 72. Toa, unabaki na watu 58 kwenye benchi. Hiyo ndiyo "50 na zaidi" yako.

Kosa ni kwamba umemfunga mtu kwa kazi inayofanywa na muda. Dakika 5 za kutoa damu zinahitaji mkono wa mtaalamu. Nusu saa ya kusubiri majibu haihitaji mkono wa yeyote kati ya hao uliowaweka kwenye modeli: damu iko kwenye mashine, na mtaalamu ameshamwita anayefuata. Kwa hiyo dakika 5 zikae ndani ya `request` (ombi la kumshikilia mhudumu), dakika 30 zikae nje yake kama ucheleweshaji mtupu. Hapo matumizi ya mtaalamu yanakuwa 9 × 5 / 60 = 0.75. Baadaye ukitaka kuigiza mashine yenyewe, ipe `Resource` yake.

Madaktari kuonekana wamepumzika ni kivuli cha kosa hilohilo. Hesabu kamili ya mzigo wao kwa saa ni 15 × (8 + 0.6 × 4) = dakika 156 kati ya 180, yaani 0.87. Kwako wanaorudi na majibu hawarudi kwa sababu wamenasa maabara, ndiyo maana ukaona 0.70. Na huu uwe mtego wa kukumbuka: anayesahau kabisa kwamba wagonjwa wanarudi atapata 15 × 8 / 180 = 0.67 na kuandika ripoti kwamba madaktari wanatosha. Mzunguko wa kurudi ndio unaoubeba mfumo huu.

Mwili wa mgonjwa uwe hivi (`k` ni kituo, `m` ni sifa za mgonjwa):

```
def mgonjwa(env, k, m):
    with k.mapokezi.request() as zamu:
        yield zamu
        yield env.timeout(m.t_mapokezi)
    daktari = k.mwenye_foleni_fupi()
    with daktari.request(priority=1) as zamu:
        yield zamu
        yield env.timeout(m.t_kwanza)
    if m.maabara:
        with k.mtoa_damu.request() as zamu:
            yield zamu
            yield env.timeout(m.t_damu)
        yield env.timeout(m.t_majibu)
        with daktari.request(priority=0) as zamu:
            yield zamu
            yield env.timeout(m.t_kurudi)
    with k.dawa.request() as zamu:
        yield zamu
        yield env.timeout(m.t_dawa)
    k.waliomaliza.append((m.alifika, env.now))
```

Angalia mambo mawili. Kwanza, `daktari` ni mtu mmoja mwenye jina, si mmoja wa watatu wasiotofautiana. Kama kituoni mgonjwa anarudi kwa daktari yuleyule aliyemwandikia vipimo, tengeneza `PriorityResource` (`Resource` yenye kipaumbele) tatu zenye uwezo wa 1 kila moja. Moja yenye uwezo wa 3 ina maana ya foleni ya pamoja ambamo yeyote anampokea yeyote, na hiyo itakupa muda mfupi kuliko ukweli. Pili, kwenye SimPy namba ndogo ndiyo inayotangulia, kwa hiyo 0 anaingia kabla ya 1. Wengi huweka kinyume na hawagundui, maana programu haitalalamika.

Sasa `until=480`. Inasimamisha saa ya modeli hapohapo, na aliye ndani bado hajaingia kwenye hesabu zako. Wanaobaki ndani ndio waliokaa sana. Umepima wepesi ukawaacha wazito, halafu ukachukua wastani. Funga geti badala ya kufunga kituo: jenereta ya wagonjwa ikome dakika ya 480, halafu `env.run()` bila kikomo, iendelee hadi orodha ya matukio iishe. Ila ukiwa na mchakato usio na mwisho (kwa mfano wa kupima urefu wa foleni kila dakika 5) nao upe sharti la kukoma, la sivyo programu haitasimama kamwe.

---

Bi_Takwimu ameandika:

Msukuma_saa kamaliza upande wa mabomba. Mimi naona tatizo kwenye maji yanayoingia.

Wagonjwa 120 kwa saa 8 ni 15 kwa saa kwenye karatasi tu. Hakuna kituo cha afya ninachokijua ambacho watu wanakuja kwa mwendo uleule asubuhi na alasiri. Asubuhi ni msongamano, saa nane mabenchi yako wazi. Tuseme, kwa mfano, saa 2 hadi 4 wanaingia 24 kwa saa, saa 4 hadi 6 wanaingia 18, saa 6 hadi 8 wanaingia 12, saa 8 hadi 10 wanaingia 6. Jumla ni 120 zilezile. Lakini tazama madaktari watatu, kila mgonjwa akiwagharimu dakika 10.4 kwa wastani:

Saa mbili za kwanza wanadaiwa dakika 250 kwa saa wakiwa na 180. Kila saa wanabaki na wagonjwa karibu 7 ambao hawajahudumiwa, kwa hiyo saa 4 wako nyuma kwa watu 13. Saa 4 hadi 6 wanadaiwa 187, bado wanazidiwa kidogo, ikifika saa 6 wako nyuma kwa watu 15. Anayefika wakati huo ana kazi ya dakika 156 mbele yake, igawanye kwa madaktari watatu, anasubiri dakika 52. Baada ya hapo foleni inapungua kwa watu 5 kila saa, halafu 11 kila saa, na inakwisha saa 8 na dakika 20 hivi.

Hesabu hiyo ni ya pipa la maji, haina bahati nasibu hata chembe, na tayari foleni ipo. Modeli yenye 15 kwa saa siku nzima isingekuonyesha kilele hicho cha saa 6 mchana hata ukiiendesha mara elfu. Hapo ndipo wengi hukosea kudhani foleni ni suala la mtawanyo, kumbe ni suala la ratiba.

Kuzalisha wanaofika kwa kasi inayobadilika, tumia njia ya kuchuja: zalisha kwa kasi ya juu kabisa siku nzima, `expovariate(24/60)`, na kwa kila anayetokea mkubali kwa uwezekano wa kasi ya wakati huo gawanya kwa 24. Saa 5 unamkubali kwa 18/24, saa 9 kwa 6/24. Usichukue njia ya mkato ya kubadilisha wastani ndani ya `expovariate` kulingana na saa ya sasa. Mwachano uliotolewa kwenye saa tulivu unaweza kuruka mpaka na kumeza mwanzo wa saa yenye msongamano. Na ukiwa na kipindi ambacho kasi ni 0, programu inaanguka kwa kugawanya na sifuri.

Halafu wale wanaokuja saa 12 alfajiri wakakaa nje kusubiri mlango. Hao wasizalishwe mmoja mmoja kuanzia dakika ya 0. Waingize kwa mkupuo mlango unapofunguliwa, lakini `m.alifika` iwe namba hasi, dakika walizokaa nje. Ukiwapa 0 umewafutia saa mbili za maisha yao.

Kuhusu muda wa huduma: eksponensha inafaa kwa waliofika, haifai kwa mazungumzo na daktari. Ina maana kwamba muda unaotokea sana kuliko wote ni karibu na sekunde sifuri, na hakuna daktari anayemaliza mgonjwa kwa sekunde 10. Mitawanyo ya lognomali au gama hukaa vizuri zaidi. Mtego wa Python: `lognormvariate(mu, sigma)` inataka vipimo vya logi, haitaki wastani wa dakika. Kwa wastani wa dakika 8 na mkengeuko sanifu (kiasi cha kuyumba kuzunguka wastani) wa 5:

sigma² = ln(1 + 25/64) = 0.330, sigma = 0.574
mu = ln 8 − 0.165 = 1.914

Ukiandika `lognormvariate(8, 5)` nusu ya wagonjwa wako watakaa kwa daktari zaidi ya dakika 2981, siku mbili na ushee. Hiyo angalau utaigundua. Isiyogundulika ni kuhama kutoka `random` ya Python kwenda maktaba ya NumPy: `expovariate` inataka kasi, `exponential` ya NumPy inataka wastani. Ukibeba `1/4` kutoka huku kwenda kule, wagonjwa wanaingia kila robo dakika badala ya kila dakika 4.

Takwimu zako umezitoa wapi? Kama ni daftari la mapokezi, muda ulioandikwa mle si muda wa kufika. Ni muda ambao karani alimfikia mtu. Karani anayetumia dakika 2 hawezi kuandika zaidi ya 30 kwa saa hata wangefika 60, kwa hiyo daftari linaficha msongamano uleule unaoutafuta. Gawa kadi zenye namba getini, mgawaji aandike saa ya kila kadi. Kwa siku 5, Jumatatu ikiwemo, maana Jumatatu huwa na sura yake. Na kwa daktari pima kuanzia mgonjwa anapoingia mlangoni hadi anapotoka. Vipimo kama 100 vinatosha kuchora histogramu ya maana.

---

foleni_ndefu ameandika:

Asanteni sana, wakuu. Nimetenganisha kutoa damu na kusubiri majibu, nimeweka madaktari watatu wenye foleni zao, nimefunga geti dakika ya 480. Kasi za kuingia nimetumia hizo za Bi_Takwimu kwa muda, hadi nipate za kadi.

Sasa 120 wote wanamaliza, madaktari wako asilimia 85, maabara foleni yake ni ya kawaida. Nimeendesha mara 10 kwa mbegu tofauti: muda wa kusubiri daktari mara ya kwanza una wastani wa dakika 36, mkengeuko sanifu kati ya mizunguko ni 12. Je, mizunguko 10 inatosha? Na nikusanye baada ya kuondoa saa ya kwanza, maana nimesoma kwamba mwanzo wa modeli hutupwa? Kuhusu daktari wa nne, nimejaribu mara moja nikapata dakika 11. Ni kweli au bahati?

---

ngazi_ya_tatu ameandika:

Usitupe chochote. Kutupa mwanzo ni kwa mifumo isiyofunga, kama bandari au mtandao wa simu, ambako kuanza na mfumo mtupu ni uongo. Kituo chako kila asubuhi kinaanza kitupu kweli. Ukiitupa saa ya kwanza umetupa msongamano unaoeleza siku nzima.

Mzunguko mmoja ni siku moja, na siku moja ni kipimo kimoja. Wagonjwa 120 wa siku moja si vipimo 120 huru. Mmoja akichelewa anawachelewesha waliomfuata, wanasogea pamoja. Anayegawanya mkengeuko wa wagonjwa kwa mzizi wa 120 anapata ukingo wa makosa mwembamba wa kujidanganya. Chukua wastani wa kila siku, halafu fanya hesabu juu ya hizo wastani.

Kwa 10 zako: t (namba ya jedwali la takwimu kwa sampuli ndogo) kwa nyuzi huru 9 (mizunguko 10 toa 1), asilimia 95, ni 2.262. Ukingo ni 2.262 × 12 / √10 = 8.6. Unachokijua ni kwamba wastani uko kati ya dakika 27 na 45. Ukitaka ukingo wa dakika 3, unahitaji 10 × (8.6/3)², kama mizunguko 82. Endesha 100, kompyuta itamaliza kabla maji ya chai hayajachemka.

Daktari wa nne usimjaribu mara moja wala usimjaribu kwa wagonjwa tofauti. Linganisha siku ileile kwa siku ileile. Mpe kila mgonjwa sifa zake zote pale anapozaliwa: atatumia dakika ngapi mapokezi, ngapi kwa daktari, ataenda maabara au la, majibu yatachukua muda gani. Ukitoa namba hizo katikati ya safari, kuongeza daktari kunabadilisha mpangilio wa nani anavuta namba ipi, na mgonjwa wa 37 wa modeli A (madaktari watatu) si mgonjwa wa 37 wa modeli B (madaktari wanne). Weka mkondo wa namba kwa kila matumizi:

```
r_kufika = random.Random(1000 + siku)
r_daktari = random.Random(2000 + siku)
r_maabara = random.Random(3000 + siku)
```

Mizunguko isizidi 1000 kwa mpango huo, la sivyo mbegu ya mkondo mmoja itagongana na ya mwingine. Kisha kwa kila siku toa matokeo ya B kutoka ya A, na ukingo uuchukue juu ya tofauti hizo. Siku mbaya ni mbaya kwa wote wawili, kwa hiyo ubaya wake unafutika na tofauti inabaki peke yake. Mara nyingi mizunguko 20 ya namna hii inasema zaidi ya 200 isiyolinganishwa.

Na kwa jibu la uongozi, angalia foleni zote, si ya daktari peke yake. Msongamano wa asubuhi ukiwa na madaktari watatu unachujwa na wao: wakibanwa hawawezi kupitisha zaidi ya 17 kwa saa, maabara inapata 10, inamudu. Ukiweka wa nne, 24 kwa saa wanapita na 14.4 wanaenda kutolewa damu, wakati mtaalamu mmoja mwenye dakika 5 anamudu 12. Kwa hesabu ya pipa ya Bi_Takwimu utakuwa na watu watano benchi la maabara saa 4, kabla ya kuongeza bahati nasibu. Foleni haikuondoka, imehama chumba. Jaribu hali nne: kama ilivyo, daktari wa nne, mtoa damu wa pili, na vyote viwili. Pima muda wote wa mgonjwa, geti hadi dirisha la dawa. Na angalia hilo dirisha pia: dakika 3 kwa mtu ni watu 20 kwa saa, ukizibua juu linafuata.

---

msukuma_saa ameandika:

Naongeza jambo la kuhakiki, maana "inaonekana ya kawaida" si uhakiki. Kabla ya kuamini modeli yenye vituo vinne, ibane iwe kituo kimoja ambacho jibu lake linajulikana. Zima mapokezi, maabara na dawa. Weka daktari mmoja, kufika 10 kwa saa bila kubadilika, huduma ya eksponensha wastani dakika 5. Nadharia inasema kusubiri kwa wastani ni dakika 25 kamili na kukaa ndani ni dakika 30, wastani wa watu ndani ni 5. Hapo ndipo unaruhusiwa kutupa mwanzo: endesha saa 10,000 za modeli, tupa 500 za kwanza. Ukipata 24 au 26 uko sawa. Ukipata 12.5 huduma yako imekuwa namba isiyobadilika badala ya eksponensha, maana kwa huduma isiyoyumba kusubiri hushuka nusu kwa nusu. Usishangae ukiendesha siku moja ya saa 8 na kupata chini ya 25, foleni huchukua muda kujengeka.

Kisha ongeza daktari wa pili kwenye foleni moja ya pamoja. Kusubiri kunashuka kutoka dakika 25 hadi karibu dakika 1.05. Msimbo wako ukileta namba hizo mbili, injini ni nzima.

Kipimo cha pili kinafaa hata kwa modeli kamili: sheria ya Little, iliyothibitishwa mwaka 1961. Wastani wa watu ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara wastani wa muda wa kukaa. Pima watu ndani kwa eneo chini ya mchoro (idadi mara dakika zilizodumu, gawanya kwa muda wote), pima muda wa kukaa kwa orodha ya waliomaliza. Ukianza kitupu na kumaliza kitupu lazima zilingane hadi desimali ya mwisho. Waliongoja nje ya mlango wahesabiwe pande zote mbili au wasihesabiwe kabisa. Zisipolingana kuna mgonjwa amepotea au amehesabiwa mara mbili.

Na matukio yanayoangukia dakika ileile. SimPy hupanga kwa muda, kisha kipaumbele cha tukio, kisha namba ambayo tukio lilipewa lilipoingia kwenye orodha. Kwa muda wa desimali mgongano ni nadra, lakini ukiwa na ratiba (daktari kutoka chai dakika ya 120, zamu kubadilishana) anayetangulia ni yule aliyeandikwa kwanza kwenye orodha, si yule unayemdhania. Mtafiti Tocher alishaliona hili mwishoni mwa miaka ya 1950 akiigiza viwanda vya chuma Uingereza: sogeza saa, maliza kwanza yote yaliyofungwa kwenye muda huo, ndipo uulize nani anaweza kuanza kazi mpya. SimPy haifanyi hivyo kwa niaba yako. Dawa ndogo: ratiba ziweke dakika ya 120.001.

Mapumziko ya chai yenyewe usiyaandike kwa kuondoa daktari ghafla. Andika mchakato unaomwomba daktari kwa kipaumbele cha −1 na kumshikilia dakika 20. Atamaliza aliye mbele yake kwanza, ndivyo ilivyo kweli. `PreemptiveResource` iachie dharura zinazomkatiza daktari katikati ya mgonjwa.

---

Bi_Takwimu ameandika:

Moja ambalo mmelipita. Modeli hii yote inadhani watu ni mashine. Daktari akiona benchi limejaa, dakika 8 zinakuwa 6. Mgonjwa akiona saa nzima imepita, anaondoka na kurudi kesho, au haendi maabara kabisa. Ndiyo maana modeli safi huonyesha foleni ndefu kuliko iliyopo, na watu huanza kupunguza namba hadi zifanane. Usipunguze namba, andika tabia.

Kuondoka ni rahisi: `yield zamu | env.timeout(m.uvumilivu)`, kisha angalia kama `zamu` imo kwenye matokeo. Ukitumia `with`, ombi linafutwa lenyewe mgonjwa akitoka. Ukiandika bila `with` na kusahau `cancel`, mtu aliyeondoka anabaki kwenye foleni, anakuja kupewa daktari, na daktari huyo haachiwi tena siku nzima. Dalili yake: matumizi ya daktari mmoja yanakwenda 100 huku foleni yake haisogei.

Kuongeza kasi kwa daktari kunahitaji data. Kwenye vipimo vyako 100 vya chumba cha daktari andika pia watu waliokuwa benchi wakati huo. Chora dakika dhidi ya idadi. Ukiona mteremko, zidisha `m.t_kwanza` kwa kipunguzo kulingana na `len(daktari.queue)` mgonjwa anapoingia. Usipoona mteremko, acha.

Na majibu ya maabara: ulisema "nusu saa hivi". Ulizia kama mashine inazungusha sampuli moja moja au inangoja zijae. Ikingoja 8, majibu yanatoka kwa mkupuo na watu 8 wanarudi kwa madaktari dakika ileile, na kwa kuwa wana kipaumbele, wapya wote wanasimama. Wastani wa ucheleweshaji unaweza kuwa uleule wa dakika 30 na foleni ya daktari ikawa tofauti kabisa.

---

foleni_ndefu ameandika:

Inazungusha kwa mkupuo, nimethibitisha leo: sampuli 8, au ikipita dakika 20 tangu ya kwanza kuingia wanaiwasha hata kama hazijajaa. Hiyo niiandikeje, kwa `Store` (ghala la vitu la SimPy)?

---

msukuma_saa ameandika:

Ndiyo, `Store`. Mgonjwa anaweka sampuli yenye tukio lake ndani, `m.majibu = env.event()`, kisha anasubiri `yield m.majibu`. Mchakato wa mashine unachukua sampuli ya kwanza kwa `get`, unaanzisha `timeout` ya dakika 20, halafu unazunguka: subiri sampuli nyingine au muda kuisha, hadi zifike 8 au muda uishe. Inazungusha, kisha inaita `succeed()` kwa kila aliyemo.

Jihadhari na mahali pamoja. Muda ukiisha wakati `get` ya mwisho bado inangoja, ombi hilo linabaki hai na litameza sampuli ya kwanza ya mkupuo unaofuata bila mtu kuipokea. Mgonjwa huyo hatapata majibu, na kwa kuwa hakuna tukio lake kwenye orodha, `env.run()` itamaliza kimya bila yeye. Ita `cancel()` juu ya `get` hiyo kabla ya kuwasha mashine, isipokuwa kama tayari imepata sampuli dakika hiyohiyo: angalia `triggered` kwanza, na ikiwa ni kweli iongeze kwenye mkupuo. Na mwishoni mwa kila siku linganisha idadi ya walioingia na waliomaliza. Zikipishana hata kwa mmoja, siku hiyo isiingie kwenye wastani hadi umjue ni nani na amekwama wapi.